Siku ya Tatu, Tupeni Jembe

Leo tunaongea juu ya wenzetu wanaopata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Jinsi ya kujaza fomu mnajua, na mtihani wa Kiingereza mnaujua. Tunaongea juu ya kile kinachofuata baada ya ndege kutua, pale watu usiowajua wanapokufungulia mlango wa nyumba yao na kusema, "Karibu, hapa ni kwenu."

Nafasi hizi ni chache sana. HCR na washirika wake wamejiwekea lengo kwamba kufikia mwaka 2030, vijana wakimbizi 15 kati ya kila 100 wawe wanapata elimu ya juu. Takwimu walizotoa 2023 zilionyesha 7 tu. Sisi hapa Dzaleka tunajua njia mbili tatu. Kuna ile ya Kanada, inayoendeshwa na WUSC tangu 1978, ambapo wanafunzi wa vyuo vya kule wanachangia pesa kidogo kidogo kwenye ada zao ili mkimbizi mmoja aje kusoma nao. Kuna ile ya Italia, UNICORE, iliyoanza 2019 na wakimbizi waliokuwa Ethiopia, baadaye ikafika nchi nyingine za Afrika. Hiyo ni ya waliomaliza digrii ya kwanza. Kanada wengi wanakaa hosteli na kupokelewa na wanafunzi wenzao. Italia wapo wanaopewa familia ya kuwasindikiza. Na wapo wanaolala kabisa ndani ya nyumba ya wenyeji, wiki kadhaa au miezi.

Kabla ya kuondoka, mtu anafundishwa mambo mengi mazuri: baridi, benki, basi, jinsi ya kufunga mkanda kwenye ndege. Lakini kuishi ndani ya nyumba ya mtu mwingine, hilo tunaona linaguswa juu juu tu. Na huko ndiko wenzetu wengi wanakwama. Wanatutumia sauti kwenye WhatsApp usiku, nasi tunasikiliza.

Chukua mfano wa chakula. Kwetu ukikaribishwa chakula, unakataa kwanza. "Hapana mama, nimeshiba." Mama anajua hujashiba, anakubembeleza, unanawa mikono. Kule ukisema hapana, imekwisha. Sahani zinaondolewa. Mwenzetu mmoja alilala njaa siku tatu za kwanza katika nyumba yenye friji iliyojaa, kwa sababu aliambiwa "chukua chochote unachotaka" na hakuna aliyemwekea mbele yake. Kwetu nani anafungua sufuria ya mwenye nyumba? Huo si ni wizi? Yeye alikuwa anaonyesha adabu. Wenyeji wakadhani hapendi chakula chao.

Au chukua macho. Mzee akikusemesha, sisi tunaangalia chini. Kule wanasoma kwamba unaficha kitu. Au mlango. Dzaleka ilipangwa kwa watu kama 10,000 hivi, leo tumepita 50,000. Nyumba zetu zimebanana, mlango unafungwa usiku tu, na jirani haombi ruhusa ya kuingia. Kule unapewa chumba peke yako na mlango unafungwa mchana. Kwao huko ni kukuheshimu, wakuache upumzike. Wewe unasikia umetengwa.

Hapo hakuna mbaya. Kila mmoja anampa mwenzake heshima, ila kwa lugha ambayo mwenzake haijui. Sasa tatizo linakuja hapa: mwanafunzi mkimbizi hawezi kuuliza. Anajiona ana deni. Nyumbani wamemwambia, "Usituaibishe, usilalamike, wengine wanaililia nafasi hiyo." Basi ananyamaza. Akiulizwa "Uko sawa?" anajibu "Niko sawa." Kila kitu ni asante. Na mtu wa asante tupu hawezi kuishi katika nyumba. Anaweza kukaa tu, kama mzigo uliowekwa kwenye kona.

Wazee wetu wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wanaielewa methali hii kama ukali kwa mgeni. Sisi tunaona ni upendo. Ukimpa mtu jembe umemwambia: wewe si mgeni tena, wewe ni wa hapa, shamba hili na wewe linakuhusu. Mtu mwenye jembe anaweza kusema "chumvi imezidi" na "leo nimechoka." Mwenzetu mwingine anasema maisha yake yalibadilika Jumamosi moja alipomwomba mama mwenyeji jiko. Akapika sombe la kugandishwa alilolipata kwenye duka la Waafrika, akawasongea na ugali. Mtoto wa nyumba hakuupenda ugali, alisema wazi. Wakacheka wote. Tangu siku hiyo, anasema, na yeye akaanza kusema asichokipenda.

Tusisahau kwamba sisi wenyewe ni wenyeji. Tamasha la Tumaini linafanyika hapa kambini tangu 2014, na wapo wageni wanaolala katika nyumba zetu. Mama zetu wanajua kumpokea mtu asiyejua hata choo kiko wapi. Wanamwonyesha maji, wanamwuliza anakula nini, wanampa kisu akatekate nyanya. Kwa hiyo hatuendi ng'ambo kama watu wasiojua ukarimu ni nini. Tunaenda tukiujua kutoka upande wa pili.

Basi tuna maombi matatu.

Kwa mashirika: kabla mtu hajaondoka, mkutanisheni kwa simu na aliyemtangulia, saa mbili tu, bila afisa kusikiliza. Huyo atamwambia ya friji na ya mlango. Na familia zinazopokea nazo zifundishwe. Ziambiwe kwamba "hapana" ya siku ya kwanza iulizwe mara ya pili. Ziambiwe pia kwamba habari za vita na za waliokufa si za kuulizwa mezani. Akitaka atasema, asipotaka hana deni la kuwalipa kwa hadithi. Na awepo mtu nje ya nyumba ile ambaye mwanafunzi anaweza kumpigia mambo yakiharibika, bila kuogopa kupoteza masomo.

Kwa sisi tunaobaki: tupunguze simu za "tutumie kitu." Mtu anaishi kwa pesa ya kuhesabu, anaona aibu kuwaambia wenyeji kwa nini hali mchana ili atume nyumbani. Siku moja moja tumpigie kumuuliza tu amelalaje.

Kwa wewe unayeondoka: shukuru, ndiyo, ila usijifiche nyuma ya shukrani. Uliza wanapokula saa ngapi. Uliza uwaiteje, mama na baba au majina yao. Osha vyombo bila kuambiwa, kisha sema unachokipenda na usichokipenda. Wazee walisema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake una kitu unawapelekea. Familia ile iliyokufungulia mlango inangoja kukufahamu, na haiwezi kumfahamu mtu ambaye kila siku yuko sawa.