Panya Hahesabiwi kwa Mikia

Panya wa mashambani, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, hufukua mbegu ya mahindi kabla haijachipua. Jike lake huweza kuwa na chuchu 24, na uzao mmoja huwa na watoto wapatao 11. Aghalabu sumu hununuliwa baada ya mbegu kuliwa, kisha mikia ya waliokufa huhesabiwa na kazi ikasifiwa. Kwa maoni yangu hesabu hiyo ni bure: yatuambia waliokufa, haituambii waliobaki.

Mjini Morogoro, mwaka 1994, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Ubelgiji walianza kutega kila mwezi, kwa siku tatu mfululizo, mitego 300 ya sanduku katika hekta 3. Chambo kilikuwa karanga zilizosagwa pamoja na unga wa mahindi. Kila panya alipimwa, akatiwa alama, akaachiwa.

Kwa nini aachiwe adui? Tuseme mmewatia alama panya 40. Mkitega tena mkanasa 50, na 20 kati yao wana alama, basi wenye alama ni wawili katika kila watano. Kwa hiyo wote shambani ni kama 100. (Hesabu hii hudhani panya wote hunasika sawasawa. Sivyo: mlafi wa karanga hurudi kila usiku, mwoga haingii kabisa.)

Utafiti wa aina hii ulionyesha kwamba mvua za vuli zikizidi, panya huanza kuzaa mapema, na watoto wao huwahi kuzaa mwaka huohuo. Hivyo mkulima angeweza kuonywa miezi kadhaa kabla ya baa. Tena mtego wenye daftari hutofautisha: katika misitu ya Uluguru yumo Praomys delectorum, ambaye si yeye anayemaliza mahindi ya bondeni.

Sishauri wanafunzi wawashike panya, maana mkojo wao huweza kueneza leptospirosi. Mwalimu na atumie gunia la maharage: achote kopo moja, ayapake rangi, ayarudishe, ayachanganye, achote tena. Na kipimamvua cha shule kisomwe kila asubuhi, hasa Novemba na Desemba. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, isiachwe wazi.