Tuache Kuua Betri za Pikipiki kwa Kufunga Vitu "Dairekti"



Leo siongelei mbegu wala mbolea. Naongelea pikipiki, kwa sababu siku hizi maziwa, nyanya, mayai, chanjo na hata mimi afisa ugani, wote tunasafiri juu yake. Pikipiki isipowaka alfajiri, mzigo umelala. Na nyingi ninazozikuta zimelala injini zake ni nzima. Kilichokwisha ni betri.

Ukiuliza kwa nini, jibu ni lile lile: "Betri za siku hizi feki." Betri feki zipo, hilo silikatai. Lakini betri nyingi tunaziua wenyewe, kwa mikono yetu na ya mafundi tunaowalipa. Tunaziua kwa kufunga vitu dairekti: waya wa taa, spika au chaja ya simu unatoka moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi, bila kupitia ufunguo, bila mtu kupiga hesabu hata ya vidole. Mtindo huu tuuache.

Naanza na kosa langu

Miaka michache iliyopita nilimwomba fundi anifungie chaja ya simu kwenye usukani. Akaniuliza, "Ipite kwenye ufunguo au dairekti?" Mimi mwenyewe nikajibu dairekti, ili niweze kuchaji simu hata pikipiki ikiwa imezimwa wakati naongea na wakulima. Kazi ilichukua dakika kumi. Chaja ilikuwa na kitaa kidogo cha bluu kinachowaka usiku na mchana, nikakiona kizuri.

Nikaenda likizo ya wiki mbili, pikipiki ikabaki uani. Siku iliyofuata baada ya kurudi nilikuwa na miadi ya kuchanja kuku dhidi ya kideri kwenye kitongoji cha mbali. Wafugaji wa kuku wa kienyeji mnajua: mchanjaji lazima awahi kuku wakiwa bado bandani. Wakishafunguliwa, mtawakimbiza hadi jua lizame. Tulikubaliana saa 12 asubuhi.

Saa 11 alfajiri nikabonyeza stata. Tik, tik, kimya. Pikipiki yangu haina kiki, na cheche yake inategemea umeme wa betri, kwa hiyo hata vijana waliponisukuma haikushika. Nilifika saa 3 nikiwa nimepakiwa na bodaboda. Kwenye nusu ya kaya kuku walikuwa wameshatawanyika. Nikaahidi kurudi wiki inayofuata.

Kabla sijarudi, kideri kikaingia, na kikafagia mabanda yale niliyoyaruka. Mama mmoja aliniambia bila hasira, "Mtaalamu, tulikusubiri." Neno hilo linaniuma mpaka leo. Betri yenyewe ilikuwa na miezi minne tu.

Betri ni kiberiti, si kuni

Hakuna anayechemsha maharage kwa njiti za kiberiti. Njiti kazi yake ni kuwasha moto, maharage yanaivishwa na kuni. Betri ya pikipiki ndiyo njiti. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili stata izungushe injini, halafu ijazwe tena mara moja.

Injini ikishawaka, umeme unatoka kwenye koili zilizo ubavuni mwa injini, ambako sumaku inazunguka. Umeme huo unapita kwenye regulata, kisha unagawanywa: taa, honi, indiketa, na kinachobaki kinarudi kujaza betri. Koili hizo zina kikomo. Pikipiki ikinguruma polepole mahali pamoja, zinatoa kidogo. Ukiwa mwendoni, zinatoa zaidi. Aliyeitengeneza alipiga hesabu ya vifaa vyake akabakiza ziada ndogo. Spika ya mnadani haikuwemo kwenye hesabu hiyo.

Tupige hesabu pamoja

Tazama ubavuni mwa betri yako. Utaona volti 12 na namba kama 5Ah. Kwa makadirio, hiyo ni ampea 1 kwa saa 5. Ili kujua kifaa kinakula ampea ngapi, chukua wati zake ugawe kwa 12:

- Chaja ya simu ya wati 10: karibu ampea 1, ukijumlisha umeme unaopotea njiani.
- Taa mbili za LED za wati 18 kila moja: ampea 3.
- Spika na kikuza sauti cha wati 36: ampea 3.

Sasa mchukue mfanyabiashara wa dagaa aliyefika mnadani, akazima pikipiki, akawasha spika ya kutangaza bei. Ampea 3 kwa dakika 50 ni nusu ya betri ya 5Ah. Kwa kweli ni zaidi ya nusu, maana betri ikinyonywa haraka hutoa pungufu ya kilichoandikwa. Baada ya hapo anaendesha dakika 15 kurudi nyumbani. Tuseme koili zinabakiza ampea 1 ya kuchaji. Atakuwa amerudisha robo ya ampea-saa, wakati alitoa mbili na nusu. Amechota ndoo, amerudisha kikombe. Kesho kuna gulio jingine, anachota tena.

Hasara haiishii hapo. Betri hizi za risasi na asidi zikikaa na chaji ndogo, sahani za ndani zinashika ukoko mgumu, kama ule wa sufuria ya ubwabwa iliyosahaulika jikoni. Ukoko ukishakomaa hautoki tena hata ukichaji siku nzima. Nafasi ya umeme imepungua moja kwa moja. Ndiyo maana betri iliyoishiwa mara kadhaa haiwi tena ile uliyoinunua.

Na kile kitaa changu cha bluu? Chaja rahisi inaweza kula ampea 0.02 hata bila simu. Inaonekana si kitu. Zidisha kwa saa 24: karibu nusu ya ampea-saa kwa siku. Siku kumi, betri ya 5Ah imekauka. Mimi nilikaa wiki mbili.

Majibu kwa wanaobisha

"Mbona fulani amefunga taa nne na zinawaka vizuri?" Zinawaka, ndiyo. Lakini uliza umeme wake unatoka wapi. Bodaboda anayeendesha kutwa nzima barabarani koili zake zina muda mrefu wa kurudisha chaji. Wewe unatoka zizini hadi kituo cha kukusanyia maziwa, kilomita tatu, unazima. Halafu muulize huyo fulani mwaka huu amebadili betri mara ngapi.

"Nitafunga betri kubwa zaidi." Pipa kubwa halikusaidii kama bomba linaloingiza maji ni lile lile. Koili hazijaongezeka. Utachelewa kidogo tu kufika pale pale.

"Fyuzi ilikuwa inaungua kila mara, fundi akaweka kipande cha waya." Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Fyuzi inayoungua inakuambia kuna waya umechubuka unagusa chuma, au kifaa kinakula kupita kiasi. Ukiweka waya badala yake umemfukuza mlinzi kwa sababu alipiga kelele mwizi alipokuja. Betri ndogo ikipigwa shoti inaweza kufanya waya uwe mwekundu kama kaa la moto, chini ya kiti, karibu kabisa na tanki la petroli. Hapo hatuongelei tena betri. Tunaongelea pikipiki ya mkopo ambao bado unaulipa, na wewe uliyekaa juu yake.

"Swichi na rilei ni gharama." Jumlisha bei ya fyuzi na nyumba yake, rilei, swichi na mita kadhaa za waya. Kisha jumlisha bei ya betri ulizonunua miaka miwili iliyopita, na siku ulizolaza mzigo. Niambie gharama iko wapi.

Na wewe ndugu fundi, najua mteja ana haraka na anataka bei ya chini. Lakini mtaalamu wa mifugo hampi mfugaji dawa yoyote anayoitaka kwa sababu tu ameitaka. Mteja akisema dairekti, mweleze kitakachotokea. Akikataa, afadhali aende kwingine kuliko kazi yako ije kuonekana kwenye pikipiki iliyoungua.

Namna ya kufunga isiyoua betri

1. Pima kwanza. Nunua au azima mita ya kupimia umeme; ya kawaida bei yake ni ndogo kuliko ya betri mpya. Pikipiki ikiwa imelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Ikisoma chini ya 12 imekwisha. Kisha washa injini na taa kubwa, vuta mafuta kama uko mwendoni: isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikishindwa hata kufika 13, rekebisha chaji kwanza, usiongeze kitu chochote. Ikipita 15, regulata ni mbovu na inapika betri.

2. Kila kifaa kipite kwenye ufunguo. Kifaa kidogo kama chaja ya simu, kichukue umeme kwenye waya unaopata moto pale tu ufunguo unapowashwa. Kifaa kikubwa kama taa za ziada kifungwe kwa rilei: ufunguo unaiamrisha rilei, na umeme mwingi unatoka kwenye betri kupitia rilei. Hivyo swichi ya ufunguo haitaungua kwa kubebeshwa mzigo usio wake.

3. Fyuzi iwe kwenye waya wa chanya, karibu na betri, umbali usiozidi kiganja. Kifaa kinachokula ampea 3 kipe fyuzi ya 5. Usiweke ya 20 kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani.

4. Weka swichi ya pekee ya kifaa, ili mchana uweze kuzima taa za ziada wakati ufunguo umewashwa. Na usiku, zielekeze chini. Taa inayompofua anayekuja mbele yako inakuweka hatarini wewe pia.

5. Waya upite salama. Uwe mbali na ekzosi, usibanwe na usukani unapokata kona, na usibanwe na kiti. Waya wa hasi urudi kwenye hasi ya betri au kwenye boliti safi ya fremu, si juu ya rangi au kutu.

6. Jaribio la mwisho. Washa vyote pamoja na taa kubwa, injini ikiwa kwenye mwendo wa kawaida, upime betri. Ikikaa 13 na kuendelea, uko salama. Ikishuka chini ya hapo, ujue unakula betri huku ukiendesha. Punguza kifaa kimoja kimoja hadi ipande.

Kwa wafanyabiashara wa minadani

Sisemi msitangaze. Nasema msitangaze kwa betri ya pikipiki iliyozimwa. Tafuta spika yenye betri yake ya ndani, uichaji nyumbani usiku. Au beba betri ndogo ya sola inayojazwa na paneli yako. Ikikuishia saa 8 mchana, spika itanyamaza lakini pikipiki itakurudisha nyumbani na hela zako. Kuiacha injini ikinguruma kutwa kwa ajili ya spika si suluhisho: unachoma petroli, na kwa mngurumo ule mdogo koili zinatoa umeme kidogo mno.

Simu nayo ichajiwe ukiwa mwendoni, au tumia pawabenki iliyojazwa nyumbani.

Mengine mawili ya haraka

Ukiiacha pikipiki zaidi ya wiki, chomoa waya wa hasi kwenye betri. Na kama betri yako ni ya kuongeza maji, ongeza maji safi ya betri tu, usiongeze asidi wala maji ya kisima. Kinachopungua ni maji. Asidi imebaki mle ndani. Usivute sigara unapofungua vifuniko, kwa sababu gesi inayotoka kwenye betri inapochajiwa hulipuka.

Kuanzia leo fundi akikuuliza "dairekti au kwenye ufunguo?", usijibu kama nilivyojibu mimi. Chaja yangu sasa inapita kwenye ufunguo, ina fyuzi yake, na kile kitaa cha bluu kinazimika nikizima pikipiki.

Zamu nyingine ya chanjo ikifika, saa 12 asubuhi nitakuwa mlangoni kwako. Kuku wako wasifunguliwe kabla sijafika.