Dirisha la baba liwe mlango: ufundi wake unalipwaje?

DIRISHA la chumba cha mzee linatazama choo. Kutoka hapo hadi choo cha nje ni hatua chache tu, lakini mzee akiamka usiku hupita ukumbini, hushuka ngazi za barazani, kisha huzunguka nyumba nzima gizani, tena kwenye mteremko. Ni mpangilio unaokutwa katika nyumba nyingi za zamani kwenye milima ya Upare, iwe Mbaga, Vudee, Gonja au Chome. Watoto walioko Dar es Salaam na Arusha huja Desemba, huona hali hiyo, na mmoja wao hutoa wazo: dirisha livunjwe, uwekwe mlango.

Wazo hilo ni zuri kwa afya pia. Kuanguka ndiko kunakowavunja nyonga wazee wengi, na aliyevunjika nyonga uzeeni huenda asitembee tena kama zamani. Wapo wanaoiogopa safari hiyo ya usiku kiasi cha kuacha kunywa maji tangu jioni. Mwili ukipungukiwa maji huleta kizunguzungu, na kizunguzungu nacho huangusha.

Ugomvi huanza kwenye bei. Fundi wa kwanza anataka laki moja na themanini, wa pili anataka laki tatu na kitu, na kwenye kundi la WhatsApp la familia yule wa kwanza anaonekana mkombozi, wa pili mwizi. Mara nyingi hakuna mwizi. Wamepigia hesabu kazi mbili tofauti.

Kinachoamua ni lenta, ule mkanda wa zege wenye nondo unaobeba ukuta juu ya dirisha. Katika nyumba nyingi za tofali lenta ya madirisha na ya milango iko usawa mmoja. Kwa hiyo, kama mlango mpya hauzidi upana wa dirisha, lenta haiguswi. Fundi anang'oa dirisha, anakata ukuta wa chini yake hadi sakafuni, anasimamisha fremu kwa timazi na pima maji, anaziba pembeni kwa tofali, anapiga plasta. Dirisha la futi nne linaingiza mlango wa futi tatu, karibu sentimita 90, na nafasi inabaki.

Mlango ukiwa mpana kuliko dirisha, hapo ni habari nyingine. Ukuta wa juu lazima uegemezwe kwa mirunda, lenta ya zamani itolewe, mpya isukwe nondo na kumwagwa, kisha zege limwagiliwe maji kama siku saba kabla ya kubebeshwa mzigo wote. Kwa nyumba za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, ambazo juu ya dirisha kuna ubao tu, fundi makini atataka kwanza kuuchokonoa aone kama mchwa hawajaumaliza. Anayetaja bei kwa simu bila kuuona ukuta huo anabahatisha, na dari litakalolipa kosa lake liko juu ya kitanda cha baba.

Tuchukue hesabu ya mfano. Tuseme fundi analipwa 30,000 kwa siku na msaidizi wake 15,000, jumla 45,000. Kazi ya kukata chini ya dirisha ikichukua siku nne, ufundi ni 180,000. Lenta mpya ikiongeza siku tatu, unafika 315,000. Siku za kusubiri zege fundi huwa kwenye kazi nyingine, hazilipwi. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni siku ngapi, watu wangapi, na lenta inaguswa au haiguswi. Ukimuuliza "shilingi ngapi" peke yake, atakujibu shilingi ngapi.

Kuna vitu ambavyo bei ya kwanza huvisahau. Seremala wa kufunga mlango na vitasa ni mtu mwingine. Kifusi nani anakitoa? Chai na chakula cha mchana ni vya mwenye nyumba au vimo kwenye bei? Saruji na mchanga vikipandishwa mlimani, nani analipa gari na anayeshusha? Na kwa mzee, kubwa kuliko yote ni njia ya kutokea. Kama sakafu iko sentimita 30 juu ya ardhi, mteremko salama wa zege unataka urefu wa meta 3.6, yaani mara kumi na mbili ya kimo chake, pamoja na bomba la kushikilia. Mlango usio na njia hiyo umehamisha ngazi tu.

Mlimani nyuma ya nyumba ndiko maji yanakotelemkia. Bila mfereji mbele ya mlango mpya, vuli ya kwanza itaingia chumbani.

Wanaopenda mlango wa vioo wa kusukuma, kama ilivyo kwenye nyumba mpya za Same mjini, wajue kwamba fundi alumini huhesabu kwa ukubwa, mara nyingi pamoja na kufunga, lakini ukuta havunji. Tena reli ya chini ya mlango huo hukwaza miguu isiyonyanyuka vizuri. Kwa chumba cha mzee, mbao na kizingiti kilicholala sakafuni vinatosha.

Majirani watasaidia kubeba mawe, lakini msaragambo ni wa barabara, shule na mifereji. Chumba cha baba wa mtu kina malipo yake. Yaandikwe. Watani husema Mpare aliyeibiwa kuku atauza ng'ombe aendeshe kesi. Karatasi moja yenye sahihi mbili ni rahisi zaidi. Malipo yagawanywe: kidogo wakati wa kuanza, kingine fremu ikisimama, na cha mwisho mlango ukijifunga bila kusukumwa kwa bega.

Siku ya kukata ukuta mzee alale chumba kingine, na wajukuu wakae mbali, hasa wenye pumu. Ukuta umwagiwe maji kabla ya kukatwa ili vumbi lipungue, fundi na msaidizi wafunike pua na mdomo. Saruji mbichi huunguza ngozi, ikimgusa mtoto aoshwe mara moja kwa maji mengi. Na kwa walio bondeni, Same, Makanya au Ndungu, mlango unaofunguliwa usiku hukaribisha mbu wa malaria, hivyo fremu ya wavu iombwe kwenye bei ileile, kabla seremala hajaondoka.