Plau Yako Yataka Kigari

Mkulima mwenzangu, ukipita mashambani baada ya majira ya kupanda, tazama chini ya miti na kando ya ua. Utaona plau imelala majanini, haro imezama matopeni, na mashine ya kupandia imegeuzwa kiota cha kuku. Mwenye vyombo hivyo hakubali ng'ombe wake wa maziwa alale nje bila zizi. Kwa nini basi chombo kilichogharimu bei ya ng'ombe kadhaa kiachwe kiliwe na kutu?

Ukimwuliza atakujibu kwamba banda analo, ila vyombo ni vizito. Jibu hilo ni la kweli. Plau ya sahani tatu yaweza kuwa na uzito wa kilo 350 au zaidi. Trekta huingiza chombo cha kwanza bandani, labda na cha pili, kisha hukosa nafasi ya kugeukia. Cha tatu hubaki nje. Lakini maoni yangu ni kwamba mkulima huyo hahitaji banda kubwa zaidi. Anahitaji kigari kifupi cha magurudumu manne kwa kila chombo kizito, nacho aweza kujitengenezea.

Faida haiishi kwenye kuhifadhi tu. Trekta nyingi hufunga chombo mahali patatu, mtindo ulioenezwa na Harry Ferguson, ambaye trekta yake ya TE20 ilitengenezwa Uingereza tangu mwaka 1946 hadi 1956. Ni mtindo mzuri, lakini sharti mikono ya trekta ilingane sawasawa na pini za chombo. Dereva akikosea kwa inchi mbili, watu huanza kusukuma plau kwa mtaimbo, na mmoja husimama katikati ya trekta na chombo. Hapo ndipo vidole hukatika na miguu husagwa. Chombo kikiwa juu ya kigari, watu wawili hukisogeza zile inchi mbili bila kishindo, injini ikiwa imezimwa na breki imefungwa. Kisha hufunga mkono wa chini wa kushoto, halafu wa kulia, na mwisho fimbo ya juu.

Kigari chenyewe si kazi ya ajabu. Pima kwanza mahali chombo kinapogusa ardhi, maana kila chombo kina umbo lake. Unda fremu ya mbao ngumu za inchi 4 kwa 4, ukizikaza kwa bolti na nati wala si kwa misumari, au umpe fundi wa kuchomea vyuma akuundie ya chuma. Fremu iwe pana na iwe chini, kwa sababu plau ya sahani hupenda kuanguka upande. Weka magurudumu ya chuma yanayogeuka, na juu ya fremu pigilia vipande vya mbao vya kuzuia chombo kisiteleze.

Katika kuchagua magurudumu usijidanganye. Wengi hugawanya uzito kwa nne. Sakafu haiko sawa popote, na mara nyingi gurudumu moja huning'inia huku matatu yakibeba mzigo wote. Basi gawanya kwa tatu. Plau na kigari vikiwa na kilo 420 pamoja, kila gurudumu liweze kubeba kilo 140 au kuzidi.

Chombo kishushwe kigarini kwa trekta yenyewe, polepole, na mtu yeyote asiweke mkono wala mguu chini yake. Kikishatulia, kifunge kwa mnyororo na utie kabari kwenye magurudumu. Kigari ni cha bandani, mahali tambarare. Usikitumie mtelemkoni wala usikivute barabarani.

Wako watakaosema kwamba banda lao lina sakafu ya udongo, na gurudumu dogo litazama. Hapo wana haki. Lakini si lazima kumwaga saruji banda zima. Njia mbili za saruji, au mbao nene zilizolazwa vizuri, zatosha kupitisha magurudumu. Asiyeweza hata hilo na aweke chombo juu ya magogo chini ya paa, akingoja mwaka wa neema. Wengine watalalamikia gharama. Hao na wahesabu bei ya beringi zilizoingia maji, sahani zilizoliwa na kutu, na dizeli inayopotea trekta ikivuta plau ambayo udongo umeigandia.

Nasema haya hasa kwa ajili ya wenye trekta za kukodisha. Jirani yako mwenye ekari mbili hana trekta, hukungoja wewe. Mvua za masika zikianza mwezi wa Machi nawe ukipoteza siku tatu kulegeza nati zilizoshikwa na kutu, si wewe peke yako uliyechelewa. Yeye hupanda mahindi yake nyuma ya wakati, na mahindi yaliyochelewa hayaleti mavuno kama yaliyopandwa mapema. Hasara ya uvivu wa mwenye plau hulipwa na asiye na plau. Jambo hilo si la haki.

Basi msimu huu, kabla ya kufunga banda, osha vyombo, vikaushe, paka grisi sahani na pini zote, kisha uvipandishe kigarini. Anza na kigari kimoja, cha chombo kilicho kizito kuliko vyote. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na kutu nayo ndivyo ilavyo mali ya mkulima.