Mate Hayasemi Nani Amelewa

Kuna imani iliyoota mizizi Australia, na hata huku kwetu ukiitaja barazani utaungwa mkono papo hapo: dereva akikutwa na bangi mwilini, basi ameendesha akiwa amelewa. Si kweli. Ubaya ni kwamba majimbo mengi ya nchi ile yameifanya imani hiyo kuwa sheria, na wanaoumia ni wagonjwa walioandikiwa dawa na daktari.

Chanzo chake ni pombe. Tumezoea kipima pumzi, kile ambacho madereva wa Kenya wanakiita Alcoblow: unapuliza, namba inatoka, na namba ile inakaribiana na kiasi kilichomo kwenye damu, kwa kuwa pombe huyeyuka katika maji na mwili huimaliza kwa mwendo unaotabirika. THC, kilevi kilichomo kwenye bangi, haina tabia hiyo. Hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo. Tena ile inayonaswa kwenye mate aghalabu haikutoka kwenye damu, bali ni masalia ya moshi au ya matone ya dawa yaliyogandia kinywani. Kwa hiyo aliyemeza kidonge na kichwa kinamzunguka anaweza kupita salama, na aliyedondosha dawa chini ya ulimi jana usiku, akalala, akaamka mzima, akanaswa.

Bangi hulewesha, hilo sibishi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walichambua tafiti 80 wakaona uwezo wa kuendesha hupungua kwa muda wa saa 3 hadi 10, kutegemea kiasi, njia ya kuitumia na mazoea ya mtumiaji. Anayevuta na kushika usukani hapo hapo ashushwe garini, awe na cheti cha daktari au asiwe nacho. Lakini saa zikishapita, anaadhibiwa kwa lipi?

Australia ilihalalisha bangi ya tiba mwaka 2016. Ukisimamishwa barabarani New South Wales, unapitisha kifaa ulimini, na THC ikionekana, kisha maabara ikathibitisha, kosa limetimia. Hakuna anayeuliza kama gari liliyumba. Cheti cha daktari hakikuokoi. Sheria hiyohiyo inampa utetezi anayetumia morfini kwa matibabu! Na kifaa chenyewe kinatafuta bangi, kokeini, ekstasi na methamfetamini tu. Diazepamu, inayowasinzisha watu mchana kweupe, hakina habari nayo. Ingekuwa shabaha ni usalama wa barabarani, wangeanza na dawa kama hiyo.

Mwaka 2016 hakimu David Heilpern, katika mahakama ya Lismore, alimwachia huru dereva aliyeeleza kwamba alivuta siku 9 kabla ya kupimwa, baada ya askari kumwambia siku za nyuma kuwa wiki moja ingetosha. Siku 9! Ulevi gani huo?

Utaambiwa kulewa hakupimiki, kwa hiyo heri kupiga marufuku kabisa. Mbona Uingereza imeweka kikomo cha mikrogramu 2 za THC kwa lita ya damu, lakini mgonjwa anayefuata maelekezo ya daktari ana utetezi, mradi uendeshaji wake haujaharibika. Tasmania, jimbo la Australia hiyohiyo, nayo inamkinga aliyeandikiwa dawa kihalali. Utaambiwa pia kwamba kliniki za mtandaoni zinagawa vyeti kama njugu. Hapo wana hoja. Baadhi ya kliniki zimefanya biashara ya aibu. Basi wabanwe madaktari wao. Mtu wa kijijini anayetuliza maumivu ya mgongo, mahali ambapo basi halipiti na bila leseni hafiki kazini, amekosa nini?

Victoria imejaribu kujirekebisha. Tangu Machi 1, 2025 hakimu anaweza kumwachia leseni yake mgonjwa mwenye cheti halali ambaye hakuendesha akiwa amelewa. Ni nafuu, lakini nusu nusu: kosa limebaki kuwa kosa. Mgonjwa bado anakwenda mahakamani, anatafuta wakili akiwa na uwezo, anaeleza maradhi yake mbele ya watu asiowajua, kisha anangoja hisani ya hakimu, yote kwa sababu ya dawa aliyoitumia kama alivyoelekezwa.