TAHARIRI: Gari la zamani Likasi, difu kwanza, kiyoyozi baadaye

Mwezi wa 10 ukifika, kabla mvua hazijashika, joto la Likasi huwatoa watu majumbani. Wenye magari ya zamani, kama Peugeot 404 na Land Cruiser za miaka ya 1970, nao huelekea gereji wakitaka mambo mawili: gari lipunguze kelele kwenye lami ya kwenda Lubumbashi, na ndani pawe na ubaridi. Hawaombi anasa. Safari ni ya kilomita 120 hivi, na anayeifanya madirisha wazi nyuma ya lori la madini hula vumbi hadi mwisho.

Kosa ni kuyachukulia mambo hayo mawili kana kwamba hayahusiani. Yote hula nguvu ya injini ileile, na injini hiyo tayari imepungukiwa. Likasi iko mita zipatazo 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya zamani isiyo na turbo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake.

Hesabu ya difu si ngumu. Gia kubwa yenye meno 37 ikizungushwa na ndogo yenye meno 9, uwiano ni 4.11. Ndogo ikiwa na meno 10, uwiano ni 3.70. Kwa tairi linalokwenda mita 2.2 kila mzunguko, gari likiwa kwenye gia ya juu ya moja kwa moja na mwendo wa kilomita 80 kwa saa, injini huzunguka mara 2,490 hivi kwa dakika kwa difu ya kwanza, na 2,240 kwa ya pili. Kelele hupungua, na mafuta huenda yakapungua pia.

Lakini faida hiyo ina bei yake. Gari huwa zito mlimani, na kwenye mteremko injini hulizuia kidogo kuliko zamani, hivyo breki hufanya kazi zaidi. Kipimo cha mwendo kinachoendeshwa na giaboksi nacho husoma pungufu: dereva huona 80 kumbe anakimbia karibu 89. Katika barabara iliyojaa malori, hilo ni suala la uhai. Kwa gari linalovuta magurudumu yote manne, difu za mbele na nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Na Peugeot 404 ina difu ya gia ya skrubu yenye gurudumu la shaba nyeusi. Haipokei meno ya gari jingine.

Ongeza sasa kompresa ya kiyoyozi, inayovutwa na mkanda wa injini, na kondensa inayopasha moto hewa inayoingia kwenye rejeta. Difu ndefu, kiyoyozi kipya na rejeta iliyoziba ni njia fupi ya kuchemsha injini katikati ya safari.

Gesi nayo isichezewe. Magari ya zamani yalitumia R12, inayoharibu tabaka la ozoni na kudhibitiwa na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Leo hutumika R134a, lakini haichanganyiki na oili ya mfumo wa kale. Fundi anayejaza gesi mpya bila kubadili oili, kichujio cha unyevu na mipira ya kuzuia mvujo anaua kompresa ya mteja. Na anayeiachia gesi ya zamani hewani anawadhuru wote.

Utaratibu wa busara basi ni huu: kwanza rejeta, breki na alteneta, kisha difu, kwa kuangalia mwenye gari anapita wapi zaidi, kiyoyozi mwishoni. Anayepanda vilima kila siku akiwa na mzigo abaki na 4.11. Anayesafiri kwenye lami akiwa mwepesi anaweza kuchagua 3.70.

Gereji za Likasi zina mafundi hodari, wengi wao wamefinyangwa na mji wa viwanda. Kinachokosekana ni maandishi. Kila risiti ionyeshe uwiano wa difu, aina ya gesi na oili iliyowekwa. Shule za ufundi zifundishe kuvuta gesi na kuihifadhi. Bandu bandu huisha gogo: mwenye gari anayelipia kazi ileile mara tatu hubaki na chuma uani na mfuko mtupu.