Msimu Bora kwa Nani?

Vitabu vya wasafiri vimeafikiana kuhusu Mongolia: nenda kati ya Juni na Agosti. Nyika ni ya kijani, njia za vumbi zinapitika, na kuanzia tarehe 11 hadi 13 Julai kuna Naadam, sikukuu ya mieleka, mbio za farasi na kulenga shabaha kwa upinde. Miezi mingine tisa hupewa sentensi moja: baridi ni kali mno. Baridi ni kali kweli, hilo halina ubishi. Ninachokipinga ni neno "bora". Halisemi ni bora kwa nani, na anayelimeza bila kuuliza hurudi nyumbani akiwa ameiona nchi ambayo wenyeji wenyewe huipata kwa wiki chache tu kwa mwaka.

Tuanze na jiografia. Ulaanbaatar, mji mkuu, unapishana na Paris kwa takriban digrii moja tu ya latitudo. Lakini mwezi Januari, wakati Paris ina wastani wa nyuzi chache za Selsiasi juu ya sifuri, Ulaanbaatar huwa zaidi ya nyuzi 20 chini yake. Tofauti hiyo inatokana na bahari, pamoja na kimo cha mji huo ulio mita zipatazo 1,300 kutoka usawa wa bahari. Maji ya bahari hupata joto polepole na kulipoteza polepole, hivyo huipoza pwani wakati wa jua na kuipasha wakati wa baridi. Mongolia haina pwani. Imebanwa kati ya Urusi na China, na ardhi yake hupata joto haraka na kupoa haraka. Kati ya wastani wa Januari na wa Julai kuna pengo linalokaribia nyuzi 40. Mtu wa Mombasa, ambaye mwezi wake wa joto na mwezi wake wa baridi hupishana kwa nyuzi chache tu, hana budi kutulia kidogo aielewe namba hiyo. Hii ndiyo maana ya hali ya hewa ya bara: mwaka mmoja hubeba nchi mbili.

Sasa utazame huo "msimu bora". Sehemu kubwa ya mvua ya mwaka mzima hunyesha Juni hadi Agosti. Majira ya baridi, kinyume chake, ni makavu: hewa nzito na baridi hutanda juu ya nchi, na huko nyikani siku nyingi anga ni ya buluu na jua linawaka juu ya theluji haba. Kwa hiyo ushauri huu hautafuti jua wala ukavu. Unatafuta nchi itakayomruhusu mgeni avae nguo alizokuja nazo.

Lakini karibu kila anachopiga picha mgeni wa Julai kilibuniwa kwa ajili ya Januari. Ger, lile hema la duara, huvikwa manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa, tabaka moja au zaidi kadiri baridi inavyozidi. Mlango wake huelekea kusini na jiko hukaa katikati. Mwanzoni mwa majira ya baridi familia huchinja nyama ya akiba ya miezi mingi, na baridi ndiyo friji yao. Wafugaji huhamia kambi zilizojificha nyuma ya vilima, mahali pasipopigwa na upepo. Kumwona mfugaji wa Mongolia kiangazi tu ni sawa na kumjua mvuvi siku anayoshona nyavu, bila kumwona hata mara moja baharini.

Wenyeji hawaiti miezi hiyo "msimu mbaya" na kunyamaza. Wanaihesabu. Kuanzia siku ya Desemba yenye usiku mrefu kuliko zote, huhesabu tisa mara tisa, jumla siku 81, na kila tisa ina alama yake. Katika ya kwanza pombe ya maziwa huganda. Katika ya tatu huganda pembe ya ng'ombe dume wa miaka mitatu. Ikifika ya tano, wali uliopikwa haugandi tena. Ya sita barabara huanza kuonekana nyeusi, ya nane ardhi hulowa, ya tisa joto huingia. Msomaji wa pwani anaijua hekima ya namna hii: wavuvi na wakulima wa Kiswahili waliuhesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi kuanzia Nairuzi. Watu huhesabu hivyo kwa sababu maisha yao hutegemea kujua leo ni siku ya ngapi.

Na akikosea mbingu, mtu hupoteza kila kitu. Kuna janga liitwalo dzud: theluji au barafu hufunika malisho, baridi huzidi, na mifugo hufa kwa njaa ikiwa imesimama. Majira ya baridi ya 2009–2010 yaliua mifugo zaidi ya milioni 8. Yale ya 2023–2024 yaliua mamilioni tena. Wengi waliopoteza mifugo yao huhamia Ulaanbaatar, husimamisha ger pembezoni mwa mji kusikofika mabomba ya joto, na huwasha makaa ya mawe wasigande. Mji uko bondeni, hewa baridi hukaa chini kama maji kwenye sufuria, na moshi hauna pa kutokea. Mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku kuchoma makaa ghafi mjini humo na kuleta makaa yaliyosindikwa, lakini tatizo halikuisha. Mgeni wa Julai hukuta hewa safi. Ataandika kwamba Wamongolia wanaishi kwa amani na maumbile.

Wapo watakaouliza: basi unatutuma tukatazame taabu za watu? La. Mwenye pumu, mjamzito na mwenye mtoto mchanga wana sababu nzuri ya kuukwepa mji huo Desemba na Januari. Wala hakuna mfugaji anayehitaji mgeni wa kumwokoa baridini. Julai nayo haina kosa: Wamongolia wenyewe huingojea kwa hamu, na Naadam ni sherehe yao kabla ya kuwa ya mtalii. Lakini furaha ile ni ya watu waliovuka kitu. Asiyejua walichovuka huona mieleka tu. Nenda wakati wa Tsagaan Sar, mwaka mpya wao, ambao mara nyingi huangukia Februari, familia zinapotembeleana na kuwasalimu wazee, ndipo utajua Julai inasherehekea nini.

Sisi tulipaswa kuwa wa kwanza kulishuku neno hili, maana nasi tunauzwa kwa misimu. Serengeti hutangazwa kwa miezi ya ukavu, na Zanzibar baadhi ya hoteli hufunga milango Aprili na Mei. Masika, mvua zinazolisha mashamba yetu, huandikwa kama kasoro ya bidhaa. Tunajua jinsi inavyouma kuambiwa kwamba nchi yako ina miezi ya kuepukwa. Kisha tunapopata nauli, tunawauliza wengine swali lile lile.

Liacheni. Kabla ya kukata tiketi, ulizeni: mwezi huo watu wa huko wanafanya nini? Jibu hilo ndilo litakalowaambia mwende lini, na mkivaa nini.